Baada ya PHP, nimechagua Kotlin

Jamani, uamuzi umepita: najifunza Kotlin, lugha ya kuandikia programu. Kwa muda mrefu nimekula kwa PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, hapa Kisumu: tovuti za shule, za hoteli, mifumo ya maduka ya dawa. Kazi zipo, ila malipo ni ya kubembelezana. Kila mtu ananisukumia lugha ya Python kwa sababu ya akili mnemba. Sawa, lakini matangazo mengi ya kazi hizo ninayoyaona yanataka shahada ya pili na hisabati nzito.

Nikatazama simu za abiria kwenye matatu ya Kondele: Android, Android, Android. Google, wenye Android, walitangaza kuiunga mkono Kotlin 2017, na 2019 wakaitanguliza mbele ya lugha ya Java kwa programu za Android. Tena inaendeshwa kwenye mtambo ule ule wa Java, kwa hiyo kampuni yenye mfumo wa zamani wa Java haibomoi kitu. Unaandika Kotlin kando yake na vinaelewana. Hilo ndilo lililonivuta. (Na vile inavyokulazimisha useme mapema kama thamani inaweza kuwa tupu, aisee, raha!)

PHP siiachi, kodi ya nyumba bado inatoka huko. Nani mwingine anajifunza Kotlin, Kisumu au Kakamega? Tukutane Jumamosi. Mimi laptopu, wewe bando.