Nusu painti baada ya kilima

Miaka miwili ya mwanzo Sheffield niliamini Waingereza hawajui bia. Nimekulia Marangu, nikafanya kazi Dar, ambako mhudumu ana swali moja tu: ya moto au ya baridi? Huku kwenye pabu, baa zao za zamani, unapewa kitu ambacho si moto si baridi, hakina gesi ya kuchoma koo, na painti moja ni mililita 568. Nikawa naagiza ya chupa, basi.

Kilichonibadilisha ni kutembea. Jumamosi moja nilipanda treni hadi Edale, kijiji cha bondeni ndani ya Peak District. Hiyo ni hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, ya mwaka 1951, ila watu wanaishi humo na wanafuga kondoo, usitegemee twiga. Nikapanda hadi Hollins Cross, nikakunja kulia nikafuata mgongo wa kilima mpaka Mam Tor, mita 517. Kwa mtoto wa Kilimanjaro hicho ni kichuguu, lakini upepo wake ulinitoa machozi. Njia inakatiza mashamba ya watu kihalali kabisa, kazi yako ni kufuata mishale ya njano na kuacha kila geti kama ulivyolikuta. Kwetu ukipita hivyo kihambani, shamba la nyumbani kwa mtu, utaulizwa wewe ni mtoto wa nani.

Kushuka, saa tisa alasiri, nikaingia pabu ya kwanza niliyoiona na njaa yangu. Nikakaa mezani dakika ishirini nikingoja mhudumu. Haji mtu! Unaagiza na kulipa kaunta mwenyewe. Nilipong'amua, jiko lilikuwa limefungwa mpaka jioni. Tangu siku hiyo nabeba maandazi, na nikitaka chakula nafika kabla ya saa nane.

Nikasogea pabu ya Old Nags Head, hapo inapoanzia Pennine Way, njia ya miguu ya kilomita 430 hivi inayokwenda kuishia Scotland. Buti zangu zilikuwa tope tupu, nikasita mlangoni. Mzee mmoja aliyekaa na mbwa wake akaniambia, "Come in, duck." Nilishtuka kuitwa bata. Baadaye nikajua Derbyshire ndivyo wanavyomwita kila mtu, kama sisi na "ndugu yangu".

Tulianza na hali ya hewa, maana bila hiyo hamwendi popote, kisha nikamuuliza kwa nini bia yao imepoa hivi, kama imekufa. Akasema haijafa, iko hai. Haikupashwa moto kuua chachu. Imewekwa kwenye pipa ingali inachachuka, ikatunzwa chini ya nyumba kwenye nyuzi 12 hivi, na ile pampu ya mkono inaivuta juu bila kuongezwa gesi. Pipa likishafunguliwa lina kama siku tatu, halafu inaharibika.

Nikacheka. Hiyo ni mbege, pombe yetu Wachagga ya ndizi na ulezi! Mbege nayo huwezi kuiweka. Ikilala sana inachacha, ndiyo maana kilabuni mtu anauliza kwanza imepikwa lini. Kumbe miaka miwili nilikuwa naidai bia hai iwe na tabia za soda.

Sasa nina utaratibu wangu. Natembea kwanza, nakunywa baadaye. Naagiza nusu painti, na kabla ya hapo naomba kuonja. Wengi wanakupa kidogo bure. Kama pampu ziko tano na wateja wanne, naangalia wenyeji wanakunywa ipi, kwa sababu pipa linalokwenda haraka ndilo lenye bia ambayo haijalala. Ikiwa na ukali wa siki nairudisha kwa upole, na mara zote mbili nilizofanya hivyo walinibadilishia bila ubishi.

Mama nilimsimulia kwenye simu. Akataka kujua kama wanaweka ulezi. Nikamwambia ni shayiri. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, ndiyo mnayoipata huko."