Mgeni kutoka Antaktika
Jamani, leo nimeona ajabu! Tulitoka Watamu alfajiri kuvua jodari, upepo wa kusi umeanza kulegea. Mbali kabisa nje ya mwamba kikatokea kindege cheusi, kiuno cheupe, kinachezesha miguu juu ya maji utadhani kinatembea. Nahodha akacheka: "Mwanangu, hicho hukioni ufukweni." Kufungua kitabu cha ndege, ni Wilson's storm petrel! Gramu 40 hivi, hakifikii hata yai la kuku, na kimezaliwa kule kwenye barafu ya kusini. Majira ya baridi ya huko yakikaribia, vinapanda kaskazini hadi Bahari ya Hindi. Picha zangu zote zina ukungu (nilikuwa natapika, msinicheke). Lakini nimekiona!