Babu yangu alisimulia vita kwa majina ya magari

Kwenye arobaini ya Babu, kila aliyesimama kuzungumza alimwita shujaa wa Kagera. Sipingi. Ila angekuwepo mwenyewe angewaomba wafupishe, maana hakupenda kuona wazee wanakalishwa juani kwa ajili ya hotuba. Mimi nilikuwa jikoni na shangazi zangu, zamu ya kusema haikunifikia. Ya kwangu nayaandika hapa.

Kabla ya kuwa fundi wa Msamvu, Morogoro, Babu alikuwa fundi wa magari jeshini. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, alikuwa kijana mwenye mtoto mmoja, baba yangu, ambaye hata kutembea bado. Yeye na askari wenzake wakapanda treni mpaka Mwanza, kisha meli mpaka Bukoba. Walipofika, daraja la Kyaka lilikuwa limeshalipuliwa, na mvua haikatiki.

Ukimuuliza vita ilikuwaje, anakusimulia magari. Serikali ilikuwa imechukua malori na mabasi ya raia kubebea askari na mizigo, kwa hiyo kwenye tope lile kulikuwa na kila kabila la gari, na kila moja lina nati zake. Mwingereza anafunga kwa inchi, Mjapani kwa milimita, na sanduku la spana ni moja. Nati ya nusu inchi inakubali spana ya 13, alikuwa akisema, ila usiivute kwa hasira. Masaka ilipotekwa, Februari 1979, yeye hadithi yake ilikuwa Land Rover iliyovunjika springi. Na tarehe 11 Aprili, Kampala ilipoanguka, alikuwa amelala chini ya lori anashusha giaboksi. Habari aliipata kwa kuona buti za wenzake zikirukaruka.

Habari za waliokufa hakuzisimulia. Aliwahi kwenda Kaboya, kule Muleba walikozikwa mashujaa, na aliporudi hakufungua gereji mpaka wiki ikaisha. Hakuna aliyemuuliza.

Gereji yenyewe ilikuwa mwembe, shimo la kuingilia chini ya gari, na geti la bati. Aliianzisha alipotoka jeshini miaka ya themanini, fedha za kigeni hakuna, spea hakuna. Gasketi anakata kwa boksi, tanki la mafuta likivuja anaziba kwa sabuni ya mche. Mteja akikata tamaa, Babu anabadilisha sauti, anakuwa Mwalimu wa Novemba 1978: “Uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo.” Kisha kwa sauti yake: “Tulichokosa ni gasketi tu.”

Alitengeneza kwa masikio. Anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, anafumba macho. Nikiwa darasa la tano alianza kunipa na mimi ile bisibisi. Kwenye dizeli inayotetemeka, alilegeza nati ya bomba la nozeli moja, anafunga, anahamia ya pili. Ukilegeza na mngurumo usibadilike, umempata mgonjwa wako. “Mke mdogo, nani anaumwa hapo?” Nikijibu sawasawa ananinunulia soda. Bibi hakufurahi. “Mke mwenzangu, hiyo sare yenye oili utaifua mwenyewe,” na kweli niliifua.

Bibi alipopata sukari na kuandikiwa sindano, wanawe wote walijitolea, Babu akakataa. Alijifunza kwa nesi na kumchoma mwenyewe, asubuhi na jioni. Mikono ile anaisugua kwanza kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka inakuwa myekundu. Saa za dawa aliziandika kwa chaki kwenye geti, pamoja na madeni ya wateja, kwa hiyo ukisoma unakuta: Canter, klachi, nusu bado. Sindano, saa moja. Hiace, plagi, amesema Ijumaa. Wateja walizoea. Ikifika saa kumi na mbili unusu anatoka chini ya gari lako hata kama boliti ya mwisho inaning’inia, na ole wako ulalamike.

Hiyo ndiyo habari ambayo hakuna aliyeisema kwenye maiki, na mimi ningeianza nayo.

Sasa kuna mvutano. Baba wadogo wanataka kiwanja kiuzwe, stendi iko karibu na bei ni nzuri, hilo nakubali. Lakini yule kijana aliyefundishwa na Babu tangu akiwa anampa spana mkononi bado anafungua kila asubuhi, na magari yapo. Kikao kingine ni Desemba. Mimi na baba tumeshasema tuko upande wa kijana. Na kama kuna msomaji mwenye Hiace anayeijua Ijumaa yake, kijana yupo mpaka jioni, alipe tu.