"Mama Anaumwa Kichwa, Mbona Mnampima Moyo?"

Swali hilo niliulizwa na binti wa mgonjwa, saa tisa za usiku, akiwa amesimama kando ya kitanda na bado ameshika kanga aliyomfunika mama yake njiani. Mkono wa kulia wa mama yule ulikuwa umelegea kabisa, ikabidi sista aushikilie ili waya usivutike wakati nikipaka jeli na kupachika vikombe vya mpira kifuani. Mashine ya ECG, yaani ya kupima umeme wa moyo, ilipoanza kutoa karatasi yake yenye vijimiraba, nilimjibu binti kwa kifupi kwamba kiharusi ni ugonjwa wa ubongo, lakini ubongo na moyo huumizana. Nilichomwambia kilikuwa kweli, ila hakikutosha, na haya ninayoandika ndiyo maelezo ambayo usiku ule sikupata nafasi ya kumpa.

Karatasi ya ECG ya mgonjwa wa kiharusi hubeba habari mbili tofauti. Moja ni ya mambo yaliyotangulia, yaani kama moyo ndio ulioleta kiharusi, ama kwa kurusha bonge la damu hadi kwenye mshipa wa ubongo, ama kwa kuonyesha alama za presha iliyokuwa ikiharibu mishipa kimyakimya kwa miaka. Nyingine ni ya mambo yanayoendelea wakati huohuo, yaani jinsi ubongo uliojeruhiwa unavyouyumbisha moyo ambao pengine jana yake ulikuwa mzima. Anayeisoma karatasi bila kuzitenganisha habari hizi anaweza kumdhuru mgonjwa, na asiyeisoma kabisa, akaibana tu kwenye faili kwa sababu fomu inadai kipimo kifanyike, hajampima mgonjwa.

Katika wodi zetu, alama ninayokutana nayo zaidi ni ya ukuta wa moyo ulionenepa kwa sababu ya presha. Vyumba vikubwa vya moyo vikijikaza huchora mawimbi ya R na S, na V1, V5 na V6 ni majina ya sehemu za kifua tunapopachika vikombe. Ukijumlisha kina cha wimbi la S kwenye V1 na kimo cha wimbi la R kwenye V5 au V6, ukapata milimita 35 au zaidi, una sababu ya kuamini kwamba presha hiyo haikuanza juzi. Na viharusi kwetu si vichache: utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta viharusi vipya karibu 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 Hai, na karibu 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Kila ninapoona milima ile mirefu kwenye karatasi hufikiria miaka ambayo mtu huyu angeweza kupimwa presha na hakupimwa.

Habari ya pili ndiyo iliyonifundisha kwa uchungu. Nilipokuwa daktari mwanafunzi wa vitendo, tulipokea mgonjwa aliyezirai baada ya kulalamika kichwa kikali cha ghafla. ECG yake ilionyesha mawimbi ya T, yale yanayochorwa moyo ukijiandaa kwa pigo linalofuata, yakiwa yamepinduka, mapana na yenye kina kirefu, karibu kifua kizima. Tuliamini kwamba ni shambulio la moyo, tukampa aspirini na sindano ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. CT skani, yaani picha ya ndani ya kichwa, ilipofanyika kesho yake ilionyesha damu iliyotapakaa kuuzunguka ubongo kutoka kwenye mshipa uliopasuka. Alifariki siku mbili baadaye. Hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba sindano ile ndiyo iliyomaliza maisha yake, kwa maana uvujaji wa namna ile huua wengi hata wakitibiwa vizuri. Lakini sindano ile niliiandika kwa mkono wangu, na tangu hapo sijawahi kuyatazama mawimbi hayo bila kuuliza kwanza habari za kichwa.

Jambo hili wala halikuwa geni. Mwaka 1954 Burch, Meyers na Abildskov, madaktari wa New Orleans nchini Marekani, waliandika juu ya wagonjwa 17 wa kiharusi ambao ECG zao zilikuwa na mawimbi makubwa ya T, kipindi cha QT kilichorefuka (muda ambao vyumba vikubwa vya moyo hujikaza hadi kujiandaa upya) na mawimbi madogo ya U yanayofuata ya T, na mara nyingi waliokuwa hivyo walikuwa na damu iliyovuja kichwani. Leo chanzo chake kinaeleweka zaidi. Ndani ya mkunjo wa pembeni wa ubongo kuna sehemu iitwayo insula, ambayo husaidia kuongoza mapigo ya moyo na presha, nayo hulishwa na mshipa uleule wa kati ambao viharusi vya kuziba huushambulia mara nyingi. Sehemu hiyo ikijeruhiwa, au damu ikiubana ubongo, mishipa ya fahamu humwaga adrenalini na jamaa zake kwa wingi, na misuli ya moyo huumia papo hapo penye ncha za mishipa hiyo ingawa mishipa ya damu ya moyo haijaziba. Kipimo cha troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, nacho huweza kupanda, kikazidi kumpotosha daktari. Wapo wagonjwa ambao sehemu ya chini ya moyo hutuna kama chungu chenye shingo nyembamba. Wajapani walioueleza ugonjwa huu mwaka 1990 waliuita takotsubo, jina la chungu wanachotegea pweza.

Je, mabadiliko haya yana maana gani kwa uhai wa mgonjwa? Mengi hutoweka yenyewe baada ya siku au wiki, na mara nyingine huwa ni ishara tu kwamba jeraha la ubongo ni kubwa. Hata hivyo si ya kupuuzwa. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2007 uliofuatilia wagonjwa 846 wa kiharusi cha kuziba mshipa ulikuta karibu mmoja kati ya watano alipata tatizo kubwa la moyo ndani ya miezi mitatu, na hatari ilikuwa kubwa zaidi katika siku za mwanzo kabisa. Mimi huhofia hasa QT iliyorefuka. Ikizidi milisekunde 500 baada ya kurekebishwa kwa kasi ya mapigo, moyo unaweza kuingia ghafla kwenye mapigo ya kujisokota yanayoua, na sisi wenyewe tunaweza kuusukuma huko: haloperidoli kwa mgonjwa anayehangaika, erithromaisini kwa kikohozi, na dawa za kukojoza ambazo amezitumia kwa miezi zikaishusha potasiamu yake bila mtu kuipima. Kabla ya kuandika dawa hizo, irudie karatasi, uhesabu vijimiraba.

Halafu kuna mtetemo wa atiria, ambapo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu, damu ikatuama na kuganda, hasa kwenye kijifuko cha atiria ya kushoto. Huongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano, na bonge linalotoka huko huwa kubwa, kwa hiyo viharusi vyake hulemaza na kuua zaidi ya vingine. Ugumu wake ni kwamba huja na kupotea, ilhali ECG ya kawaida hurekodi sekunde 10 tu. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2014, uliowahusu watu ambao chanzo cha kiharusi chao hakikuwa kimejulikana, uliugundua kwa asilimia 16.1 ya waliovaa kifaa kwa siku 30, dhidi ya asilimia 3.2 ya waliopimwa kwa saa 24. Vifaa hivyo havipo katika wodi nyingi za kwetu. Vidole na saa vya kuhesabia mapigo vipo, na kurudia ECG kunawezekana.

Mtetemo huo ukigunduliwa, dawa za kuzuia damu kuganda hutolewa baada ya CT skani kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja, na kiharusi kikiwa kikubwa husubiriwa kwa siku kadhaa. Kwa vijana wetu ambao valvu zao zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi napenda kusisitiza warfarini, moja ya dawa hizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za kundi la warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani, ingawa hii ya pili ni mpya na haihitaji kupima damu mara kwa mara.

Karatasi ya kwanza ya mama yule ilionyesha ukuta ulionenepa, na mapigo yalikuwa sawa. Siku ya tatu asubuhi, sista aliyekuwa akihesabu mapigo kwa dakika nzima, si kwa sekunde 15 kisha kuzidisha, aliniita akisema, "Dokta, haya hayana mpangilio." Tulirudia ECG, na mawimbi ya P, yanayochorwa na vyumba vya juu vikijikaza, hayakuwepo: ulikuwa mtetemo wa atiria. CT skani ilikuwa imekwisha kuthibitisha kwamba mshipa wake uliziba, haukupasuka. Nilimwonyesha binti karatasi zote mbili, nikamweka kidole chake kwenye kifundo cha mkono wa mama yake hadi akausikia mwendo ule mwenyewe. Kisha nilimwomba akazitoe nakala siku hiyohiyo, kwa kuwa karatasi za mashine ile hufifia zikikaa penye joto, na kila kliniki atakayompeleka mama yake itahitaji kuziona.