Siku moja maishani mwangu: seli ya ukuta inapomeza mfu

Saa moja asubuhi nimeshaingia maabara, hapa Roma. Sumu ninayoisoma, CNF1, ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1983, kutoka kwa bakteria E. coli waliopatikana kwa watoto wachanga wenye kuhara. Baadhi ya E. coli wanaoleta UTI nao huitengeneza.

Natoa sahani kwenye kabati la nyuzi joto 37. Seli za epithelia, zile zinazofunika viungo vya mwili, nilizozitia sumu juzi zimetanda kama chapati, nyingine zina viini viwili au vitatu. Zisizotiwa sumu bado ni ndogo, zimebanana.

Saa tatu. Nachukua seli nilizozipiga mionzi ya UV jana. Zimesinyaa, zinakatika vipande. Mwilini, mizoga hii huliwa hasa na makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu. Epithelia kazi yake ni kuwa ukuta. Naimwaga juu ya zile zilizo hai, kisha nasubiri.

Saa saba, wali wa jana na ujumbe wa mdogo wangu, muuguzi Morogoro: “Dada, sumu si inaua? Inaifanyaje seli ile?” Namjibu kwa sauti, maana kuandika hakutoshi. Rho ni protini inayofanya kazi kama swichi ya taa. CNF1 hugeuza asidi amino moja tu, yaani kiungo kimoja katika mnyororo wa protini hiyo, glutamini ya 63, kuwa glutamati, na swichi haizimiki tena. Hilo lilionyeshwa mwaka 1997. Nyuzi za aktini, protini inayoipa seli umbo, zilizo chini ya utando zinajipanga upya, utando unainuka mikunjo mikunjo na kufunika chochote kilicho jirani.

Saa kumi, chumba cha giza. Hapa sina haraka kabisa. Kipande cha mfu kilichonata juu ya seli kinafanana sana na kilichomezwa, na ukikosea hapo hesabu nzima ni uongo. Nashusha hadubini tabaka kwa tabaka: aktini nyekundu, DNA ya buluu. Katika seli moja naona doa la buluu ndani kabisa, kando ya kiini, limezungukwa na nyekundu pande zote. Moyo unanidunda. Ukuta umekula!

Saa moja jioni naandaa sahani za kesho, zenye CNF1 iliyobadilishwa asidi amino yake moja, sisteini ya 866, ambayo haiwezi kuigusa Rho. Seli hizo zikiwaacha wafu walipo, nitajua mlaji ameamshwa na swichi ile.