Kabureta zimekubaliana leo

Nimetoka kuosha mikono saa hii na bado inanuka petroli.

Pikipiki yangu ni ya silinda mbili, kabureta mbili (zile zinazochanganya hewa na petroli), na tangu mwaka jana ikiwaka bila resi inatetemeka mpaka nati zinalegea. Leo nikasema najaribu mwenyewe hapa Lanet kusawazisha hizo kabureta zifanye kazi sawa.

Paipu ya plastiki inayoonekana ndani, nikaikunja U kwa ubao, nikatia oili kidogo, kila mwisho nikachomeka kwa kabureta yake. Feni ya nyumba mbele ya injini, maana ikisimama hivyo bila upepo itachemka.

Kuwasha tu, oili ikakimbia kushoto, kumbe huko injini inavuta zaidi! Nikazima mbio kabla injini haijaimeza.

Nikarudia, skrubu ya katikati ya kabureta hizo mbili nikiizungusha kidogo, kidogo sana, nangoja, tena kidogo...

Halafu oili ikatulia. Pande zote sawa.

Na kile kioo cha kando kikaacha kutetemeka. Nikamwona mtoto wangu ndani yake, amesimama mlangoni nyuma yangu anacheka. Sijawahi kuona kitu kwa hicho kioo injini ikiwaka, jameni.

Wenye silinda mbili hapa Nakuru, nyinyi hurekebisha kila baada ya kilomita ngapi? Paipu ninayo, Jumamosi karibuni tufanye na zenu.