Mchunga Ng'ombe Aliyeshuka Farasi

Shemeji yangu alipokuja Texas kututembelea, nilimpeleka kwenye makumbusho ya Amon Carter, Fort Worth. Yeye ni mtu wa Laikipia, amefanya kazi ranchi miaka mingi, na nilitaka sana kusikia atasema nini mbele ya picha za Frederic Remington, mchoraji wa Kimarekani wa maisha ya wachunga ng'ombe.

Tulianza na A Dash for the Timber ya mwaka 1889. Upana wake unapita mita 2. Wapanda farasi wanakujia mbio, bunduki mikononi, kwato juujuu, wanakimbilia miti huku Waapache, wenyeji wa asili wa nchi ile, wakiwafukuza. Shemeji aliifurahia mno.

Lakini mimi nilikuwa nimemleta kwa ajili ya nyingine, The Fall of the Cowboy, yaani Anguko la Mchunga Ng'ombe, ya 1895. Hiyo ni ndogo. Wachunga ng'ombe wawili wamefika kwenye ua wa seng'enge wakati wa theluji. Mmoja yuko bado juu ya farasi. Mwenzake ameshuka, anahangaika na fito za lango. Basi. Hakuna risasi wala vumbi. Sogea karibu uone rangi: kijivu cha anga na weupe wa theluji vimekaribiana mno, hata macho hayapati pa kukimbilia.

"Huyu anafungua au anafunga?" shemeji akauliza.

Tukabishana. Mwisho nikamwambia kwamba kwangu mimi huzuni yote iko katika kule kushuka. Watu hawa walikuwa wakiswaga ng'ombe kutoka Texas hadi kwenye reli huko Kansas, nyika iko wazi. Mwaka 1874 Joseph Glidden akapata hataza ya seng'enge yake, na haikuchukua muda malisho yakakatwa vipande. Remington angeweza kuchora kaburi au mtu analia. Akachora mpanda farasi aliyesimama kwa miguu yake mbele ya lango, na inauma zaidi.

"Sawa. Na wenye ardhi wako wapi?"

Nikamweleza yaliyotokea mwaka huohuo wa 1874, humuhumu Texas. Jeshi la Marekani lilivamia kambi za wenyeji wa asili, Wakomanche, Wakiowa na Wacheyenne, katika korongo la Palo Duro, likawaua farasi wao zaidi ya 1,000 ili wasiweze tena kuwinda wala kupigana. Mwaka uliofuata Wakomanche wa mwisho walijisalimisha kwenye kambi ya jeshi ya Fort Sill. Kwa hiyo wawili hawa wa kwenye theluji wanafungiwa nchi ambayo wengine walikuwa wameshanyang'anywa. Huzuni yao naiamini, hata leo. Ila jina la picha linataja anguko moja tu.

Shemeji hakujibu. Alirudi kwenye ile picha kubwa, akainama kutazama nyuma kabisa, kule kwenye vumbi.

"Wako huku, shemeji," akaniita. "Njoo uone walivyofanywa wadogo."

Nilikuwa nimeisifu picha ile mara nyingi, na siku hiyo ndipo nilipoanza kuwatazama wao kwanza.